Picha ya Kuombea Ruhusa ya Kupiga Picha

MPIGA PICHA: Haloo? Studio hapa. Nani mwenzangu?

DADA: Ni mimi, kaka. Hii laini yangu ya pili. Shikamoo.

MPIGA PICHA: Marahaba, mdogo wangu. Habari za—

DADA: Nzuri zote, tuzipite, salio lenyewe la kubahatisha. Niko chuo cha uuguzi na mwanangu, Nesi. Fomu imekataliwa.

MPIGA PICHA: Ya Nesi? Kwa alama zile?

DADA: Alama hata hawajazifikia. Wamekwama kwenye picha.

MPIGA PICHA: Picha nimepiga mimi.

DADA: Nimewaambia hivyo. Wakasema ndiyo shida yenyewe.



MPIGA PICHA: Ina kasoro gani? Masikio yote mawili yanaonekana. Shati lina kola. Nyuma kweupe, hakuna kivuli. Nimemwekea taa mbili yule mtoto—

DADA: Haina muhuri.

MPIGA PICHA: Muhuri gani?

DADA: Kaka. Usiniulize mimi muhuri gani.

(Mtandao unakwaruza.)

MPIGA PICHA: Haloo? Unakatika.

DADA: Sikatiki, nimenyamaza. Karani ameigeuza picha, akatazama mgongo, akasema tangu Jumatatu hawapokei picha isiyo na muhuri wa studio iliyosajiliwa. Sheria mpya ya baraza la mji. Nikamwambia, naijua hiyo sheria, nililetewa mezani kwangu nikiwa nakula.

MPIGA PICHA: Nilikusomea tu barua ya chama chetu cha wapiga picha kwenda baraza.

DADA: Ulisimama ukaisoma. "Kulinda heshima ya nyuso za wananchi." Nyuso zetu zilikuwa hatarini hatujui.

MPIGA PICHA: Sasa watu walikuwa wanapigwa picha ukutani kwa simu, pale kibandani kwa Mama Vocha, yule mjane, mtu ametoka na nusu ya sikio—

DADA: Na walikuwa wanapokelewa.

MPIGA PICHA: Ndiyo hilo lilikuwa linaniuma.

DADA: Basi gonga huo muhuri uje. Dirisha linafungwa saa sita, na leo ndiyo siku ya mwisho. Asipoingia leo ni mpaka mwakani.

MPIGA PICHA: Muhuri bado.

DADA: Bado wino?

MPIGA PICHA: Bado wenyewe. Sijasajiliwa.

DADA: Wewe? Katibu wa chama? Wewe uliyeiandika—

MPIGA PICHA: Nilikwenda Jumatatu, ofisi inafunguliwa niko mlangoni. Nikapewa fomu. Nikajaza yote, mpaka jina la bibi. Mwisho kabisa wanataka picha ya mwenye studio.

DADA: Si ungejipiga.

MPIGA PICHA: Nilijipiga. Wakaigeuza.

DADA: Hapana.

MPIGA PICHA: Wakatazama mgongo.

DADA: Kaka, hapana.

MPIGA PICHA: Wanataka picha kutoka studio iliyosajiliwa. Nikasema hakuna hata moja iliyosajiliwa, ndiyo kwanza tunasajili. Akasema, "Mzee, ukiipata, rudi." Kwa adabu kabisa. Ni maneno yangu mwenyewe yale, kifungu cha pili. "Fomu yoyote, ya ofisi yoyote." Nilitaka kusiwe na mwanya.

(Mtu anacheka mbali na simu.)

MPIGA PICHA: Nani anacheka?

DADA: Mpwa wako huyu. Nimeweka sauti kubwa.

MPIGA PICHA: Mwambie si kichekesho.

DADA: Anajua. Amelia kwanza.

MPIGA PICHA: Sikiliza, nina njia. Naandika barua nyingine leo leo. Baraza liongeze kifungu: wapiga picha wenye zaidi ya miaka ishirini kazini wasihusike na—

DADA: Barua ya pili kutibu ya kwanza.

MPIGA PICHA: Ni marekebisho madogo.

DADA: Na Mama Vocha aandike yake, wasihusike wajane. Na mimi yangu, wasihusike wapwa wa makatibu. Kaka, wewe uliiomba serikali iwabane wenzako, ukadhani ikishawabana itakwenda kulala.

MPIGA PICHA: Niliomba ulinzi.

DADA: Ulipewa. Tunalindwa hapa tangu saa mbili.

MPIGA PICHA: Wewe hujui. Wiki ile kabla ya barua, siku nne mlango wangu haukufunguliwa na mtu. Siku nne. Nilikuwa nafuta vumbi kwenye vioo ili wapita njia wanione nina kazi. Niliogopa, dada. Nikajipigia hesabu ya watu watakaolazimika kuja kwangu, nikalala usingizi.

DADA: Pole. Ungeniambia hilo ningekuelewa, kuliko habari za heshima ya nyuso. Lakini kwenye hesabu hiyo, huyu mtoto uliwahi kumweka?

MPIGA PICHA: Huyo nampiga bure tangu ana wiki moja.

DADA: Ndiyo maana hukumwona.

(Mtandao unakwaruza.)

MPIGA PICHA: —nje ya mji labda? Panda gari, nenda—

DADA: Ngoja, ngoja. Mlinzi anasema kuna studio moja ina muhuri. Hii hapa ng'ambo ya barabara.

MPIGA PICHA: Hapo? Hapo ni duka la matairi.

DADA: Lilikuwa. Ni la shemeji yake diwani. Alisajiliwa Jumapili.

MPIGA PICHA: Jumapili ofisi imefungwa.

DADA: Kwako. Sheria ilianza Jumatatu, kwa hiyo yeye picha yake ilipokelewa hivi hivi. Tunavuka. Shika simu.

MPIGA PICHA: Yule mtu hajui hata lenzi inatazama wapi. Atamharibu mtoto. Dada? Niambie wana taa gani.

DADA: Foleni, kaka, imetoka mpaka nje. Taa sioni. Naona shuka jeupe limetundikwa juu ya matairi. Na anayepiga... mh.

MPIGA PICHA: Anayepiga nani?

DADA: Mama Vocha.

MPIGA PICHA: Na kamera gani?

DADA: Simu yake ile ile yenye ufa. Ameajiriwa juzi. Yeye anapiga, shemeji kakaa pembeni anagonga mihuri. Bei imepanda mara tatu.

(Kiti kinaburutwa studio.)

DADA: Kaka, upo?

MPIGA PICHA: Nipo. Amewapisha?

DADA: Ametuona, ametuita mbele. Amesema mtoto ana haraka. Anamkalisha.

MPIGA PICHA: Mwambie Nesi ashushe kidevu, kidogo tu. Huwa anakiinua akiwa na hofu.

DADA: Mama Vocha ameshamwambia.

MPIGA PICHA: Na bega la kushoto—

DADA: Ameshalinyoosha. Anasema kwa miaka yote alikuwa anakuangalia wewe dirishani, akienda kwake anafanya hivyo hivyo.

MPIGA PICHA: ...Alikuwa anaangalia?

DADA: Tayari, imechapwa. Muhuri huo, umegongwa. Wino umepenya mbele, umempata sikioni kidogo, lakini ni muhuri. Nakimbia dirishani. Kaka, Mama Vocha anakusalimia. Anauliza na wewe utakuja lini.

MPIGA PICHA: Nije kufanya nini?

DADA: Picha ya fomu yako. Anasema atakushikia nafasi, ila wapo wawili wa chama chako mbele.

MPIGA PICHA: Mimi nikae pale, juu ya matairi, nipigwe na—

DADA: Hapa studio wanafunga saa kumi. Na sikiliza, anasema asikuone umekuja na hiyo fulana ya kazini. Uvae shati lenye ko—

MPIGA PICHA: Haloo?

(Mlio wa simu iliyokatika.)

MPIGA PICHA: Haloo? Dada? Lina kola. Mwambie lina kola.