Othusitse Molokwane na Kituo Alichokipita

Wasifu wa marehemu, umesomwa na dada yake mkubwa, Mmaphefo, Mabopane, Jumamosi tarehe 8 Julai 2023.

Othusitse Molokwane alizaliwa Mabeskraal tarehe 14 Machi 1958, kitinda mimba wa Mzee Ramosa na Bi Seanokeng. Shule ya msingi aliisoma kijijini. Sekondari aliianza hapa Mabopane na hakuimaliza, maana mwili ulikuwa darasani na masikio yalikuwa gereji. Hata kanisani hakutulia. Siku moja katikati ya sala gari lilipita nje, naye akanong'ona, "Plagi moja imekufa hiyo." Mama akamfinya sikio: "We mtoto, Mungu naye anakusikia!" Gari likazimika mbele ya geti la kanisa.

Alifanya kazi ya ufundi magari mjini Pretoria, na mwaka 1996 akaajiriwa na jarida la magari la Leotwana kama mjaribu magari. Watu walilinunua kwa ajili yake. Injini ya silinda nane aliielezea mpaka msomaji akaisikia ikinguruma. Magari ya umeme yalipokuja, aliyaita friji zenye magurudumu. Tulicheka sana, tusijifanye leo kwamba hatukucheka.

Mwaka 1986 alikuwa amemwoa Mmapula Tlhabane wa Ga-Rankuwa, wakajaliwa binti mmoja, Onkemetse. Binti huyo alifungua kituo cha kuchajia magari Bela-Bela, kando ya barabara kuu ya Polokwane, kwa akiba yake yote.

Na hapa, jamani, mbele ya jeneza hatutadanganya. Pale Leotwana kulikuwa na desturi. Gari la petroli lilijaribiwa likiwa na tangi limejaa. La umeme lilipelekwa njia ya Polokwane mpaka liishiwe chaji, na gari la kulikokota lilikuwa limeshaagizwa tangu asubuhi, ili ipatikane picha. Agosti 2019 Othusitse alipita Bela-Bela. Onkemetse alikuwa mlangoni, akampungia mkono. Hakusimama. Gari lilizimika mbele kidogo, picha ikawekwa kwenye jalada, na chini yake yeye akaandika kwamba njia nzima hakuna pa kuchajia. Wateja wachache wa binti wakapotea. Kabla ya Krismasi kituo kilifungwa, na Onkemetse akaacha kufika kwa baba yake. Iliuma, na bado inauma.

Mwaka 2022 marehemu alipata ugonjwa wa mapafu, akawa anapumua kwa mashine ya oksijeni. Nanyi mnajua umeme wetu ulivyokuwa ukikatwa kwa zamu. Mei mwaka huu ulikatika jioni, na mtungi wa akiba ukaisha. Mmapula akampigia binti. Onkemetse alikuja na gari lake la umeme, akavuta waya kutoka garini kupitia dirisha, mashine ikawaka. Alikuja hivyo kila umeme ulipokatika.

"Umenisamehe, mwanangu?" baba alimuuliza.

"Pumua kwanza, Baba."

Akiwa kitandani aliandika makala yake ya mwisho. Mhariri wake, Bwana Lourens, ambaye tunamshukuru kwa shada la maua, aliikataa kwa simu: "Othusitse, wasomaji wetu hawataki toba, wanataka moshi." Mdogo wetu alilia siku ile. Akasema, "Dada, basi utanisomea wewe, siku watu wote watakapokuwepo."

Alifariki nyumbani asubuhi ya Jumapili tarehe 2 Julai, mkono wake ukiwa mkononi mwa Onkemetse. Hakumuuliza tena kama amemsamehe.

Ameacha mjane, Mmapula, binti, Onkemetse, wajukuu wawili, na dada yake huyu anayesoma.

Makala yenyewe ni fupi: "Nimelijaribu gari la umeme nikiwa nimelala. Halikuvuma hata kidogo, nami nikapumua. Mwaka 2019 niliandika kwamba njia ya Polokwane haina pa kuchajia. Ni uongo. Nilikipita kituo cha mwanangu. Kilikuwa wazi, taa zinawaka, na yeye alinipungia mkono."

Vijana mlioko getini na magari yenu, tunajua mlikuja kumzungushia matairi na kumvumishia injini, kama tunavyowazika wapenda magari. Ahsanteni, ila leo zimeni. Ameomba apelekwe kaburini kwa gari la Onkemetse, na Onkemetse amekubali kuendesha.

Apumzike kwa amani, katika kimya alichokiomba.