Kiraka Kilichofutwa Kwenye Picha

Mheshimiwa mgeni rasmi, viongozi wetu wa dini mliotufungulia shughuli kwa dua, Ndugu Meneja wa karakana, mafundi wenzangu, ndugu wageni waalikwa, na wewe shemeji yangu, uliyewekewa kiti cha mbele ukaenda kukaa karibu na mlango: nawasalimu nyote kwa heshima, na namshukuru Mungu aliyetukutanisha salama katika maonyesho haya ya picha za boti zetu.

Shule yangu haikufika mbali, na kazi yangu ni kukalafati, yaani kusindilia pamba kwenye nyufa za mbao ili boti isinywe maji. Mkiona nimekwama njiani, nivumilieni.

Nimeombwa niseme juu ya uzuri wa boti. Ndugu zangu, uzuri huo unakaa wapi? Mgeni akiiona boti imetulia majini, hutazama namna ubavu wake unavyojaa katikati na kujikusanya taratibu kuelekea mbele, naye husifu, na ana haki ya kusifu. Lakini fundi akiitazama boti hiyohiyo, macho yake huenda moja kwa moja kwenye ubao uliomsumbua. Na picha ni hivyohivyo. Binti mpiga picha, ambaye alikuwa nasi msimu mzima wa mvua, alipozitandaza picha zake za kwanza kwenye meza tunayolia chakula, alitegemea tushangae. Tulishangaa? Seremala mmoja alisema dirisha limekwenda upande. Fundi wa kupaka vanishi aliona mahali brashi yake iliporuka, akaomba picha ile isitoke nje. Mke wake alipokuja hakuiona boti hata kidogo, alimwona mumewe kwa nyuma, akauliza, "Hili shati si nilishalitupa?"

Tulicheka, na binti akacheka nasi. Kisha akatoa picha kubwa kuliko zote, hiyo mnayoiona ukutani imefunikwa kitambaa. Ni boti ya mwisho aliyoishughulikia marehemu kaka yangu, ambaye karakana nzima ilimwita Taratibu. Binti alikuwa ameshaandaa na kibao cha kubandika chini yake, chenye jina hilo.

Hapa lazima niwaeleze utaratibu wetu. Boti zetu tunazipaka vanishi, hivyo mbao zinaonekana zilivyo. Boti ikigonga jiwe na kutoboka, hatutafuti ubao unaofanana na ule wa zamani. Tunaweka wa rangi nyingine, kwa makusudi, ili fundi atakayekuja baadaye ajue palipoumia. Boti ile ilikuwa ya rangi ya asali, na ubavuni ilikuwa na kiraka chekundu. Kaka yangu alikiweka akiwa tayari mgonjwa, ameketi juu ya ndoo iliyopinduliwa, akigonga kidogo na kupumzika kidogo. Shemeji, mkewe, alikuwa pembeni akimshikia misumari. Kazi ile ilipokwisha, hakurudi tena karakana, na Mungu akamchukua.

Sasa binti yetu, kabla ya kuja kwetu, alifanya kazi studio, akiondoa chunusi kwenye nyuso za maharusi. Aliona wekundu kwenye ubavu mzuri kama ule, akadhani ni doa, akalifuta kwa kompyuta kwa nia njema kabisa. Shemeji, ambaye naye alikuwa ameitwa kuziona picha, alisogea, akaitazama kwa muda.

"Picha ni nzuri, mwanangu," alisema. "Lakini hii si boti ya mume wangu. Jina lake litoe."

Binti alikwenda kuitafuta picha ya awali, akakuta ameihifadhi mpya juu yake, na ile ya awali imefutika. Tukampigia simu aliyeinunua boti. Akatujibu kwa furaha kwamba ameshaipaka rangi ya buluu, nje na ndani, na sasa imekuwa kama mpya. Binti akamwendea shemeji nyumbani, akamwahidi kukichora kiraka kwa kompyuta kiasi kwamba hakuna atakayejua. Shemeji alimkaribisha chai, akamwambia kwamba asiyejua ni mgeni, yeye anajua.

Ndugu wageni waalikwa, mngefanya nini? Sisi tulikwishakubali kwamba jina la ndugu yetu halitakuwamo humu ndani. Tulikwishalikubali, nasema, mpaka mtu mmoja alipokumbuka kwamba meza ya kazi ya Taratibu ilikuwa haiyumbi kwa sababu ya kipande cha ubao mwekundu chini ya mguu wake. Kilikuwa kimebaki kutoka ubao uleule wa kiraka. Basi picha ikabandikwa juu ya plaiwudi nene, ikatobolewa pale ubavuni mwa boti, na kipande kile kikachongwa na kupachikwa humo. Kazi hiyo aliifanya binti mwenyewe. Mafundi tulisimama tumefunga mikono nyuma, maana ilikuwa taabu kumwangalia anavyoishika patasi, na mmoja wetu ilibidi atoke nje.

Leo asubuhi, kabla hamjafika, tulimleta shemeji. Alipitisha kidole kwenye ukingo wa kiraka, akazunguka, akarudia tena pale kwenye kona. Binti alikuwa ameshika kile kibao kifuani kama mtoto wa shule aliyeitwa ofisini.

"Hapa maji yangepita," shemeji alisema.

Binti akauliza kwa sauti ndogo kama akitoe kiraka, akirekebishe. Shemeji akakichukua kibao mikononi mwake, akakifuta vumbi kwa upande wa kanga, akakibandika mwenyewe chini ya picha.

"Kiache hivyo hivyo," akamwambia. "Usiishushe majini tu."

Mheshimiwa mgeni rasmi, nakukaribisha uondoe kitambaa. Wageni, sogeeni karibu. Hii ni ruhusa kuigusa. Kwa masikio mliyonipa na subira mliyonionyesha nawashukuru sana, na Mungu awarudishe nyote majumbani kwa salama.