Sista Toa na Ukuta Usioonekana

Mheshimiwa Mwenyekiti wa Bodi. Mkurugenzi wa Taasisi. Madaktari, wauguzi na wafanyakazi wenzangu. Mume, watoto na wajukuu wa mstaafu: salamu na heshima kwenu nyote.

Baada ya miaka thelathini na minne ya utumishi, Ijumaa hii, tarehe thelathini Juni, muuguzi wetu wa chumba cha pumzi anastaafu. Wagonjwa walimbandika jina la Sista Toa, likamganda.

Alianzia wodini, akahamia chumba kile kidogo kando ya ngazi, chenye kiti kimoja, dirisha lisilofungika vizuri na mashine ya kupimia pumzi. Humo aliwahimiza wagonjwa wa pumu wapulize: "Toa, toa, bado ipo, toa yote!" Sauti ilifika hadi mapokezi. Mgeni mmoja mheshimiwa aliyekuja kutukagua aliuliza, kwa upole, wodi ya wazazi ilihamia huku lini. Mumewe naye anasema hata akipoza chai nyumbani huhimizwa vivyo hivyo.

Lakini kazi yenyewe haikuwa ya mzaha. Pumu ya miaka mingi haimbani mtu kifua ikaondoka bure. Kila inaporudi, kuta za njia za hewa huweza kuongezeka unene, na anayebanwa hana habari. Utafiti wetu unajaribu dawa ya kuzuia protini za kinga ya mwili zinazobeba agizo la kuzinenepesha kuta hizo. Sista alipomweleza hayo mgonjwa mmoja, fundi mwashi, fundi alicheka mpaka akakohoa: "Kumbe ndani yangu kuna mwashi mwenzangu, anapiga plasta juu ya plasta mpaka mlango unakuwa tundu! Basi, Sista, msigombane na fundi. Mkamateni anayemwita kazini." Tangu siku hiyo, hata profesa wetu huueleza utafiti huu kwa maneno ya mwashi.

Sasa umebaki upimaji wa mwisho, ndio utakaotuambia kama kuta zimeacha kunenepa. Karibu nusu ya wagonjwa walio kwenye utafiti hawajarudi kupimwa. Wanajisikia wazima, hivyo hawaoni sababu. Miaka yote Sista aliwafuata mwenyewe: alibisha hodi, akangoja wamalize kupika, akarudi nao. Usipoziba ufa utajenga ukuta, aliwaambia. Leo magoti yake yamechoka na ngazi za watu.

Tulipomuuliza anataka zawadi gani, jibu lilikuwa fupi: "Nirudishieni watu wangu."

Dada yetu, ahsante. Nenda ukapumzike, tunakuombea siku nyingi, kifua chepesi, na nyumba yenye vicheko.

Na kwa kibali cha Mkurugenzi, uamuzi ni huu: kabla hatujaketi kula, kila mmoja wetu, awe na cheo asiwe nacho, atachukua mgonjwa mmoja wa kumfuata wiki ijayo hadi mlangoni kwake. Yule fundi mwashi naye hajarudi. Huyo nimeshamchukua mimi. Waliobaki ni wenu, karibuni mbele.