Marehemu Mlamba Mawe na Msumari wa Kisimani

Marehemu aliingia katika maisha ya familia hii kupitia mlango wa nyuma wa karakana ya mbao, mwezi Machi mwaka 1984, vumbi likiwa limemjaa hadi kwenye kope. Mwenye karakana, ambaye baadaye alikuja kuwa shemeji yake na ndiye anayesoma wasifu huu, alidhani mtu huyu anaomba maji ya kunywa. Kumbe alikuja kuagiza masanduku: marefu, ya kina kifupi, yenye mifereji mitano ndani.

"Unataka kufuga nyoka?" shemeji alimuuliza.

"Mawe. Tunayatoa ardhini yakiwa marefu kama mishumaa. Yakichanganyika tu, kazi yote imekwenda na maji."

Alikubali bei ya kwanza bila hata kukohoa, jambo lililomtia shemeji wasiwasi, maana anayekubali bei ya kwanza ama anatumia pesa za watu ama anatafutwa na polisi. Lakini walipofika kwenye misumari, mtu yule mpole akageuka mwiba. Hakutaka misumari iliyopakwa zinki. "Zinki yako itaingia kwenye jiwe langu," alisema, "halafu watu wa maabara waniandikie kwamba nimegundua duka lako." Alitaka misumari ya chuma kitupu. Alipewa, na kwa kuwa aliitaka sana, aliuziwa ghali kuliko ile ya zinki. Kabla ya kuondoka alitoa kijiwe mfukoni, akakilamba, akakiinua kwenye mwanga wa dirisha. Mafundi wakaacha misumeno. Jina la Mlamba Mawe lilianzia pale, na halikumtoka tena, hata kwa mkewe.

Marehemu alizaliwa tarehe 9 Juni 1956, mtoto wa nne kati ya saba wa baba mpasua kokoto na mama fundi cherehani. Alilelewa kati ya mlio wa nyundo na mlio wa cherehani, na mama yake alikuwa akisema kwamba mtoto huyu aliota meno kwa kutafuna kokoto. "Huyu atajenga ghorofa tumboni," alimwambia mumewe, naye akajibu kwamba heri ajenge huko, maana kwao nafasi ilikuwa imekwisha.

Alimaliza shule ya msingi mwaka 1970 na sekondari mwaka 1976, kisha akasomea jiolojia chuo kikuu hadi mwaka 1980. Huko ndiko alikofundishwa kwamba jiwe kavu huficha uso wake na jiwe lenye unyevu huonyesha kila chembe. Wenzake walikwenda porini na chupa za maji. Yeye alisema ulimi hausahauliki nyumbani.

Kazi yake ilikuwa moja, na kilima kimoja. Wote mliopo hapa mnakiona mkigeuza shingo. Marehemu alikuwa akieleza kwamba zamani sana, kabla ya mtu yeyote kuwapo wa kubishana naye, mwamba ulioyeyuka ulipanda kutoka chini ukakwama kabla ya kufika juu. Ulipokuwa ukipoa ulitoa maji ya moto yaliyobeba shaba, dhahabu na salfa, yakapenya kwenye nyufa, yakaganda. Mvua za miaka na miaka ziliosha sehemu ya juu na kuacha kofia ya kutu, ile ardhi nyekundu tunayoiona. Chini ya kofia hiyo kuna ukuta wa mwamba wenye shaba na chembe za dhahabu, umesimama kiubavu kama mlango ulioegemezwa, na mguu wake unaelekea kule kwenye nyumba zetu.

Kampuni ya kwanza, iliyomwajiri mwaka 1981, ilipima udongo wa kilima kizima, ikaona shaba, ikaleta mtambo wa kuchoronga, yaani kutoboa mwamba kwenda chini. Mashimo yote yaliinamishwa upande mmoja, na upande huo ndiko ulikoinamia ule ukuta. Mtambo ukawa unashuka sambamba nao, unatembea kando yake kama mtu anayetafuta mlango huku ameuegemea. Marehemu alisema geuzeni mtambo. Meneja akasema kugeuza ni kukiri mbele ya wenye mtaji kwamba mashimo yaliyotangulia yalikuwa bure. Bei ya shaba ikashuka, wakafungasha.

Walichoacha ni mashimo. Marehemu aliomba yajazwe saruji kabla mtambo haujaondoka. "Mtu akikutoboa tumbo, haondoki bila kushona," aliwaambia. Walimjibu kwamba watarudi. Kampuni ya pili ilikuja mwaka 1996 kutafuta dhahabu, ikamsikiliza, ikageuza mtambo. Shimo la tatu liliukata ule ukuta, na karakana ya shemeji ilipata kazi ya masanduku kwa mwaka mzima. Lakini shimo moja liliangukia kwenye uwazi ndani ya mwamba. Vyuma vya kuchoronga vilizama na havikuonekana tena, na maji yenye harufu ya mayai mabovu yalipanda yakamwagika siku mbili. Mchorongaji mkuu, mtu mzima asiyeogopa kitu, aliacha kazi wiki hiyo. Alipoulizwa sababu alisema, "Mimi natoboa mawe. Kile kilikuwa kinapumua." Kampuni hiyo nayo ilifungasha, nayo ikaahidi kurudi kuziba.

Tarehe 12 Septemba 1987, marehemu alifunga ndoa na dada mdogo wa mwenye karakana. Mazungumzo yalikuwa mafupi.

"Una nini?" kaka mtu alimuuliza.

"Nina kilima."

"Chako?"

"Cha kampuni."

Bibi harusi aliyekuwa nyuma ya pazia alitoka mwenyewe. "Kaka, mimi si mbao. Usinipime kwa futi." Mambo yakaishia hapo. Waliishi kwenye kiwanja cha shemeji chini ya kilima, na shemeji akachimba kisima katikati ya nyumba mbili, kilichokuja kunywesha mtaa mzima wa chini.

Kuhusu kisima hicho, marehemu alikuwa na mazoea yake. Enzi za kampuni ya kwanza, msumari ulidondoka kutoka kwenye sanduku ukaingia kwenye dimbwi la shimo la zamani kule juu. Alipourudia baada ya wiki, ulikuwa mwekundu kama sarafu mpya ya shaba. Aliwaeleza binti zake kwamba maji yenye shaba yakikutana na chuma, chuma huondoka kimyakimya na shaba hukaa kwenye kiti chake. Tangu kisima kichimbwe, kila mwanzo wa mvua alifunga msumari kwenye uzi, akauteremsha, akaulaza humo. Ukitoka wa kijivu, alimwambia mkewe, "Mwaka huu tunywe." Mkewe alimjibu kila mara, "Na mwaka jana tulikuwa tunakunywa nini, Mlamba Mawe?" Watu tulicheka. Yeye alicheka pia, ila aliurudisha msumari mfukoni.

Alianza kuugua kifua mwaka 2014. Kwa miaka mingi alikuwa akisimamia banda la kupasulia sampuli, na pampu ya maji ilipoharibika misumeno ilikata mawe makavu, vumbi likajaa kama unga wa mashine ya kusaga. Daktari alimwonyesha picha. "Mzee, mapafu yako yana mawe."

"Ya aina gani?" marehemu aliuliza.

Daktari hakucheka. Hakukuwa na dawa ya kuyatoa.

Mwaka 2021 kampuni ya tatu ilikuja, ikiwa na kompyuta zinazoona chini ya ardhi, na ilitaka kununua mteremko wote, nyumba na kisima. Shemeji alikaa mkao wa kula. Alikataa bei ya kwanza, akakataa ya pili, akawaachia chai wanywe na kurudi walikotoka. Marehemu, akivuta pumzi kwa shida, alimwambia, "Uza, shemeji. Uza umhamishe dada yako." Shemeji alimwambia amwachie kazi yake, kwamba mwenye haraka ndiye anayepunjwa. Walikuwa wamebakiza kikao kimoja tu.

Mvua ilianza kabla ya kikao hicho. Marehemu aliulaza msumari wake, na asubuhi akautoa mbele ya shemeji. Ulikuwa mwekundu.

Walisimama ukingoni mwa kisima wawili tu. Marehemu alieleza polepole, kwa vipande: yale mashimo yaliyoachwa wazi yalikuwa yameshusha maji ya mvua kwenye mwamba wenye salfa, maji yakageuka makali, yakalamba shaba, yakatafuta njia ya kushuka. Yamechukua miaka. Yamefika.

"Ukitangaza," shemeji alisema, "kesho kiwanja hiki hakina bei."

"Nisipotangaza kina wanywaji."

"Subiri kikao kipite. Siku tatu."

"Katika siku tatu mtoto anakunywa ndoo ngapi?"

Marehemu alifunga mlango wa kisima kwa kufuli, akautundika msumari juu yake. Kisha akapita nyumba kwa nyumba, mtu ambaye hakuweza kumaliza ngazi tano bila kukaa, akawaambia watu wasinywe. Wengine walimwonea huruma wakidhani ugonjwa umepanda kichwani. Mama mmoja alimuuliza, "Maji haya ni meupe, wewe unaona nini?" Alimjibu, "Onja." Mama yule akaonja, akatema. Kampuni ilisikia jioni ileile, na kikao hakikufanyika. Waliacha hema moja na ahadi ya kurudi.

Marehemu alilazwa tarehe 3 mwezi uliopita na kufariki tarehe 19, mkewe akiwa amemshika mkono. Siku mbili kabla, alimwita shemeji akamwambia mambo mawili. La kwanza, asizikwe kwenye mteremko. Azikwe huku, ng'ambo ya bonde. La pili, kwamba maji hayajasimama kwenye kisima chetu. Yanaendelea kushuka, na bonde la chini lina visima kumi na kimoja.

"Yatafika lini?" shemeji aliuliza.

"Muulize msumari."

Shemeji alipoteza kiwanja, kisima, na biashara ambayo hataipata tena. Amebaki na dada mzima na wapwa wazima. Marehemu alitumia miaka arobaini kwenye kilima ambacho hakikumpa hata pete, na vumbi lake ndilo tunalolizika naye. Alichopata ni kwamba mtaa wa chini umekuja hapa kwa miguu yake.

Ameacha mjane, binti wawili, wajukuu wanne, dada wawili, na shemeji mmoja. Baada ya maziko, kila nyumba ya bonde la chini ipite hapa langoni ichukue msumari wa chuma kitupu na uzi. Mwenye karakana hajawahi kutoa msumari bure, na leo hatamtoza mtu. Ulazeni kisimani usiku wa leo. Ukitoka wa kijivu, rudieni mwezi ujao. Ukitoka mwekundu, msisubiri mtu wa kampuni.

Mlamba Mawe apumzike kwa amani, na ardhi inayompokea ibaki kavu.