Mama Rosette na Mdomo wa Tanuru

Msomaji, nakusihi: ukimaliza kusoma karatasi hii, ikunje, uitie mfukoni, usimwonyeshe mtu yeyote, hasa Chef Isidore, mkuu wetu wa sasa. Nakala aliyoipitisha yeye kwa ajili ya sherehe ni nusu ukurasa, na haina tanuru ndani yake. Hii nimeipiga chapa kwa watu saba tu wa ofisi yetu ya mambo ya kale hapa Baraka. Majina yenu sikuyaandika popote.

Mama Rosette Asukulu anastaafu Jumamosi hii, tarehe 30 Agosti 2025, baada ya miaka ishirini na miwili ya kazi. Aliajiriwa kupika. Siku ya tatu alimpelekea mkuu wa wakati ule ugali na sombe, yaani kisamvu, akaona mezani vigae vya vyungu vya kale vimepangwa ovyo, akaanza kuvipanga upya huku ugali ukiungua jikoni. Mkuu alikula ugali ulioungua, akatazama meza yake, akamhamishia kwenye vigae siku hiyohiyo.

Mama yake na bibi yake walikuwa wafinyanzi huko juu Fizi, ndiyo maana vidole vyake vinajua mambo ambayo vitabu vyetu havijui. Mara moja alishika kigae akasema aliyekifinyanga alikuwa amegombana na mume wake. Daftarini tuliandika: "Mikwaruzo isiyo ya kawaida."

Tarehe 16 Juni, kwenye kilima nyuma ya mji, Claver Irankunda, mchimbaji wetu aliyetoka Burundi na ambaye jembe lake halijui pupa, alifikia udongo mwekundu ulioungua, mgumu kama tofali. Ulikuwa ukuta wa tanuru la kuchomea vyungu, la zamani sana. Mama Rosette alishuka shimoni, akaweka kiganja ukutani, na tangu saa ile hajamsalimia mtu.

Kwao, vyungu vikiwa motoni, hakuna kusalimia, hakuna kuitikia, hakuna kuagana. Salamu hupasua chungu. Ruhusa haipatikani mpaka mdomo wa tanuru, kule kuni zinakoingilia, uzolewe majivu yote.

"Mama, moto ya hii kitu ilizimika mbele ya bababu zetu kuzaliwa," Claver alimwambia.

"Na majivu nani alitoa? Ni weye?"

Basi kwa majuma kumi amekuwa akifika asubuhi na kuanzia katikati: "Claver, hiyo kaptula imepasuka nyuma." Sokoni wauza ndagala, dagaa wa ziwani, wanadhani ana kesi nao. Mkaguzi aliyetoka Bukavu alimnyooshea mkono, naye akamtundikia ndoo ya udongo. Mkaguzi akaipeleka kwenye chekeche, akarudi kuchukua nyingine. Alipoondoka alisema hajawahi kupokelewa kwa moyo mweupe namna hiyo.

Sasa nafika mahali ambapo naomba mshushe sauti hata kama mnasoma kimya.

Mdomo wa tanuru haujapatikana. Chef Isidore alisema unaelekea mlimani, tukachimba upande wa mlima majuma matatu, tukapata mawe na nyoka mmoja mdogo.

"Mudomo iko inaangalia ziwa, Chef," Mama Rosette alisema mbele yetu sote. "Mchana upepo iko inatoka ku ziwa. Nani atawasha moto na kunyima ule upepo mulango?"

"Mama, archéologie ulisomea wapi?"

"Ku mafiga ya mama yangu. Na weye, hicho kiti yako uliweka pale sababu ya nini? Si sababu ya upepo?"

Kiti cha Chef, pamoja na meza na turubai lake, kimekaa upande wa ziwa. Chini yake ni hatua mbili za ardhi ambazo hakuna aliyezigusa. Chef alifunga mazungumzo, na baada ya siku tatu akafunga na uchimbaji. Ripoti inasema mdomo ulielekea mlimani na umeharibika. Aliyeipiga chapa ni mimi.

Jumatatu tanuru litafukiwa kwa mchanga ili mvua zisilibomoe. Hilo ni sawa, ndiyo kazi yetu. Lakini likifukiwa hivi lilivyo, Mama Rosette atapanda Fizi bila kuuona mdomo na bila kutuaga. Nilimuuliza atafanyaje siku ya sherehe. "Nitaenda tu," alisema. "Chungu ya watu benyewe siwezi kuipasua." Akageukia vigae vyake, akaosha kimoja ambacho kilikuwa safi tayari.

Mama Rosette, umetufundisha kushika udongo kabla ya kuutolea maneno, na umetulisha hata baada ya kuacha upishi. Asante kwa miaka yote. Mungu akupe afya, shamba lenye mihogo minene, na wajukuu wanaosikia. Maisha yako ya mbele yawe mema.

Kwenu ninyi saba: Ijumaa Chef anakwenda Kazimia kwa kazi na harudi kabla ya Jumamosi. Claver amekubali kuchimba pale penye kiti. Mama ataitwa saa nne asubuhi, majivu yakianza kuonekana. Anayetaka kuja asinipigie simu, maana simu yangu huwa mezani kwa Chef. Apite kwa Divine, muuza mikate karibu na maegesho ya pikipiki, aagize mikate miwili ya mtu wa kilimani. Divine atamwonyesha njia ya nyuma. Funguo za ghala la miiko ya kuchimbia na brashi ninazo. Njoo saa kumi na mbili kamili asubuhi. Ukichelewa utakuta nimekwisha kukihamisha kiti cha Chef kwa mikono yangu mwenyewe, na jambo hilo, ndugu zangu, nisingependa kulifanya peke yangu.