Kassimu Houssein na Moto wa Samadi

Ndugu waombolezaji, wale mnaonijua kwa vichekesho vya harusini mnisamehe, leo mimi Faridi, mdogo wake marehemu, nasoma wasifu wake uso ukiwa chini, maana chakula kilichoko jikoni kinapikwa kwa gesi ya samadi kama alivyousia, na familia haijui kama mtakila.

Kaka yetu alizaliwa tarehe 14 Mei 1968 hapa Muyinga, mtoto wa kwanza wa Mzee Houssein, mchinjaji, na Mama Shahida, akasoma shule ya msingi hapa hapa, akaenda Gitega kwa mjomba kusomea uashi, akamaliza 1986, bon, hesabu haikumpenda lakini tofali lilimpenda.

Alijenga nyumba za watu Gitega na Makebuko, akamwoa shemeji yetu Yasmina tarehe 6 Aprili 1996, wakajaliwa Amisa na Rahil. Mwaka 2015 alijifunza kule Mutoyi kujenga mashimo ya biogesi, akarudi akihubiri kama sheikh wa Ijumaa, kwamba kinyesi cha ng'ombe na maganda ya ndizi vikioza ovyo hutoa hewa inayoipasha dunia joto, ila vikifungiwa shimoni hewa ile ile huivisha maharage, na vilima vinabaki na miti yake, basi akajenga mashimo mengi Gitega, la mwisho akalichimba hapa, nyuma ya nyumba ya mama.

Tarehe 17 Agosti 2019 akamwozesha Amisa katika ua huu, pilau ikapikwa kwa moto huo, mama mmoja akachungulia jikoni akarudi ananong'ona, "Ee wenzangu, hii pilau iko imepikwa na mavi," mwingine akajibu, "Mi sikuli, we kula, utatuambia," nasi wa damu yake tukateleza mmoja mmoja kwenda kula kwa shangazi, kwenye kuni, tukamwacha baba wa bibi harusi na masufuria yaliyojaa. Kesho yake aliimwaga pilau yote shimoni, akasema, "Voilà, angalau shimo limekubali mwaliko," tukacheka, tena kwa sauti, kana kwamba aibu ile ilikuwa ya watu wengine.

Figo zilianza kumsumbua Machi 2023, akatibiwa Gitega, akafariki huko Jumanne, tarehe 4 Februari 2025, akiwa ameomba jambo moja tu, tupikie gesi ya shimo lake, usikatwe mti hata mmoja kwa ajili ya msiba wake, na asubuhi hii, kwa desturi yetu ya kutokwenda msibani mikono mitupu, ua umejaa kuni mbichi, na mzigo wa kwanza kutuliwa hapo mlangoni ni wangu.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia, waashi wenzake waliomsindikiza kutoka Gitega, nanyi majirani, desturi yenu ni njema, lakini tafadhali kila mmoja arudi na mzigo wake. Shemeji Yasmina ameshaanza kupakua.

Pumzika, kaka, kwa amani yote tuliyokunyima, mimi nimeshanawa mikono, nangoja sahani ya kwanza.