Mama Muulize na Mtoto wa Maji

Baada ya miaka thelathini na moja ya kuwalaza usingizi watoto wa watu kana kwamba ni wa tumbo lake, daktari wetu wa usingizi katika upasuaji wa moyo wa watoto anastaafu rasmi Ijumaa ya mwisho ya mwezi huu. Ofisi ya utumishi inamjua kwa jina la kwenye faili. Sisi tunamjua kwa Mama Muulize, na hata mlinzi wa getini ukimtajia lile la kwenye faili anakuna kichwa.

Jina lilitokana na kazi. Mtoto yuko mezani, mashine inampumulia, mara presha inashuka. Hapo mkono wa kila mtu hukimbilia kumwongezea maji ya mshipani. Pengine ndiyo dawa. Pengine moyo umeshajaa na umechoka, na kila unachoongeza kinakwenda kuvimbisha mapafu. Kwa kumtazama tu huwezi kujua ni lipi kati ya hayo mawili. Mama Muulize alikataa kata kata kubahatisha. Alikuwa na neno moja: msimpe kabla hamjamuuliza.

Kuuliza kwenyewe ni hivi. Aliweka kiganja juu ya tumbo la mtoto, upande wa kulia chini ya mbavu, palipo ini, akabonyeza taratibu huku macho yakiwa kwenye skrini. Mkono ule husukuma damu kidogo kuelekea moyoni, mfano wa kumwonjesha. Presha ikipanda, moyo unasema niongezeeni. Ikibaki pale pale, unasema nimeshiba. Ukiondoa mkono hakuna kilichoharibika, kwa sababu damu ile ni ya mtoto mwenyewe na inarudi ilikotoka.

Sasa mkuu wetu wa upasuaji, Daktari Mrefu, anisamehe kwa haya. Wiki yake ya kwanza hapa, bado mgeni, presha ilishuka na Mama Muulize akamwambia amuulize mtoto. Kijana wa watu akainama, barakoa na vyote, akasogeza mdomo sikioni mwa mtoto aliyelala fofofo na kunong'ona, "Mwanangu, una kiu?" Fundi wa mashine ya moyo alicheka mpaka akashikilia ukuta. Mama Muulize hakucheka. Alisema hilo ndilo swali lenyewe, ila limekosea mlango. Tangu siku hiyo hakuweka mkono juu ya tumbo la mtoto bila kuuliza kwa sauti ya chini, "Una kiu?" Nasi tukaiga, na sasa hata wageni wanaokuja kujifunza wanasema hivyo wakidhani wameikuta vitabuni.

Msidhani hakuwahi kuteleza. Kuna siku alitegemea mawimbi ya presha kwenye skrini, bila kuweka mkono, kifua kikiwa bado wazi, akatangaza kwamba mtoto ametosheka, kumbe wapi. Mtoto alipopewa maji akapata nafuu, na mama yetu akasema mbele ya watu wote, wafagiaji wakiwemo, kwamba leo amechemsha. Akatuwekea sheria: kifua kilicho wazi kinadanganya, kwa hiyo tusikisikilize peke yake.

Lakini kuna jambo alilokuwa nalo moyoni, na wengi wenu hamlijui. Kazi yetu inaishia kwenye mlango wa wodi ya uangalizi maalumu. Tunamkabidhi mtoto akiwa bado amelala, tunarudi kumwandaa mwingine. Akifumbua macho, akiita mama yake, akianza kusumbua wauguzi, sisi hatupo. Kila mara Mama Muulize alisimama pale mlangoni mpaka ufungwe. Alikuwa akisema amewauliza watoto wengi kuliko mwalimu yeyote, ila majibu yao ameyapata kwa skrini tu.

Na kuna mmoja aliyemkaa rohoni. Alikuwa binti mdogo, ndiyo kwanza anaanza kusema, na maneno aliyokuwa nayo hayajazi kiganja. Moja lilikuwa "maji". Kwa kuwa mtoto wa kupasuliwa haruhusiwi kunywa, aliingia mikononi mwa Mama Muulize akililia hilo hilo, "Maji! Maji!", mpaka usingizi ukamchukua. Tundu la moyo likazibwa, kifua kikafungwa, presha ikaanza kuporomoka. Chumba kizima, na sauti ile bado iko masikioni mwetu, tulitaka apewe maji. Daktari Mrefu aliagiza. Bomba la sindano lilikwisha kuunganishwa. Mama Muulize akaweka mkono, akauliza, skrini ikatulia. Akarudia. Ikatulia vile vile. Akasema mtoto huyu hana kiu, moyo wake umechoka, mpeni dawa ya kuupa nguvu. Daktari Mrefu alipaza sauti, lakini Mama Muulize alilizuia bomba kwa mkono na hakuuondoa. Dawa ikatolewa, na presha ikapanda polepole, kwa kutusumbua kweli kweli.

Mlango ukafungwa kama kawaida. Asubuhi tuliambiwa yule binti anaendelea vizuri, kisha akahamishiwa hospitali ya karibu na kwao, na wazazi wake wakahama mji. Tangu hapo, kila tulipopata wasaa wa chai, Mama Muulize aliuliza: yule wa maji yuko wapi? Alijua hakukosea. Hata hivyo ilimuuma kwamba neno pekee alilowahi kulisikia kwa mtoto yule ni ombi alilolikataa, naye hakubahatika kusikia jingine. Chai yake ilipoa hivyo hivyo mezani, maana kwa kunywa yeye mwenyewe alikuwa mvivu hajapata kutokea.

Mzee wake wa nyumbani alistaafu ualimu zamani, na amechoka kunywa chai ya asubuhi peke yake. Baba, tunamrudisha kwako. Ila tukwambie ukweli, tunamtoa kwa shingo upande. Ameanza likizo yake ya mwisho na tayari chumba kimepwaya. Kofia yake ya maua bado iko kwenye msumari, hakuna anayeigusa. Juzi niliweka mkono juu ya tumbo la mtoto, nikauliza, kisha nikajikuta nimegeuka kumtafuta aliye nyuma yangu. Hapakuwa na mtu. Tumemkosa kabla hajaondoka.

Mama yetu, asante kwa mikono yako na kwa ubishi wako. Uzee wako uwe wa raha, usingizi wako uwe mtamu, na chai yako uinywe ikiwa moto.

Barua hii tumekupa uisome mwenyewe mbele ya wote hapa sherehani; ukifika mstari huu, inua macho. Muuguzi mkuu wa wodi amewatafuta watoto wako wa zamani kwa simu miezi mingi, na karibu wote hawakupatikana. Mmoja amekuja. Ni yule dada mrefu mwenye kitambaa cha bluu, anayesogea kwenye kiti chako na glasi ya maji mkononi. Amefundishwa swali lako, na kwa mara ya kwanza wewe ndiye wa kulijibu.

Mama, una kiu?